Mkate wa Lusinda

Fulana zilifika Jumatatu, wiki ile ile ya sherehe, na Bi Ardella Tolliver hakusubiri mtu amletee kisu. Alilichana boksi la kwanza kwa ufunguo wa gari, akatoa fulana moja ya kijani, akaikung'uta na kuipima juu ya gauni lake la nyumbani. Kifuani palichorwa ng'ombe mwekundu mwenye kope ndefu kama za bibi harusi. Juu yake paliandikwa TOLLIVER: SISI NDIO WA KWANZA, na chini ya kwato, LUSINDA.

"Amependeza," alisema Bi Ardella.

"Ana macho ya yule mwalimu wangu wa piano," alisema Lyle, mwanawe, aliyekuwa anakunywa kahawa huku amesimama, kama wafanyavyo wakulima wote wa ngano wanaoogopa kwamba wakiketi watatumwa.

"Mheshimu. Ametembea kwa miguu kutoka Kentaki huyu."

"Kwa miguu minne, Mama. Ni nafuu."

Verna, mke wa Lyle, alikuwa kwenye sinki akimenya viazi vitamu vya pai. Siku nyingine angekuwa wa kwanza kucheka, maana kicheko chake husikika mpaka ghala la nafaka. Siku hiyo aliendelea kumenya. Alikuwa anajua jambo tangu Jumamosi, na hakujua atalisemaje.

Hapa Harmon, Kansas, tumebaki watu kumi na tisa, tena kwa kumhesabu mwenye posta, ambaye hulala mji mwingine. Lakini Jumamosi ya mwisho ya Julai watoto na wajukuu hurudi kutoka Denver, Wichita na Kansas City, na kwa siku mbili tunakuwa mji tena, wenye foleni na kelele na watu wa kugombana nao. Saa nne asubuhi magari ya farasi hutoka kanisani kwenda ukumbini. La kwanza hubeba familia iliyofika kwanza hapa, watu weusi waliotoka utumwani wakaja kuchimba nyumba zao ndani ya ardhi kwa sababu mti wa kujengea haukuwepo. Gari hilo alikuwa anapanda Bi Ardella tangu baba yake afariki, yeye na kofia yake, na asiyemjua angedhani ndiye aliyepigana vita akashinda. Mumewe marehemu aliitwa Simms, lakini Harmon hakuna aliyejali. Hata siku ya maziko yake mchungaji alimwita Bwana Tolliver.

Mwaka huu mambo yaliharibika. Jimbo lilikubali kusimamisha jiwe kando ya barabara kuu, lenye jina la familia ya kwanza, na hapo akina Gaddie wa ng'ambo ya kijito wakaamka. Wakasema wa kwanza ni wao. Bi Odessa Pruitt, mke wa mchungaji na mwenyekiti wa kamati, akaamua kila upande ulete ushahidi Alhamisi. Atakayeandikwa kwenye jiwe ndiye atakayepanda gari la kwanza, mwaka huu na miaka yote. Bi Ardella alikuwa na miaka themanini na minne. Miaka yote haikuwa mingi kwake, lakini aliitaka.

Ugomvi wa Tolliver na Gaddie ni wa zamani, na ukimuuliza mtu chanzo chake atakutajia kaburi. Kule makaburini kuna jiwe dogo lililoandikwa neno moja tu, MAMA, na mwaka wa 1911. Akina Tolliver wanasema ni mama yao. Akina Gaddie wanasema ni mama yao. Kila Siku ya Makaburi, mwishoni mwa Mei, akina Tolliver wakifika na maua hukuta yapo mengine, ya Gaddie, yamewekwa kabla jua halijachomoza. Huyasogeza pembeni kwa ncha ya kiatu. Jioni wakirudi hukuta yao yamesogezwa. Nimeona wazee wa kanisa wakifanya hivyo, watu wanaopokea sadaka.

*

Ushahidi wa akina Tolliver ulikuwa mikononi mwa Verna. Ndiye aliyefunga safari za kwenda kusoma kumbukumbu za jimbo majira yote ya baridi, wakati wenye ukoo wao walikuwa wanatazama mpira. Alitoka Oklahoma kuja kuolewa, na baada ya miaka thelathini bado aliitwa "yule mke wa Lyle". Mkwe hapandi gari la kwanza. Verna hutembea pembeni, akibeba mwavuli wa Bi Ardella na chupa yake ya maji.

Mwaka wake wa kwanza ndani ya nyumba ile alifanya kosa ambalo bado linasimuliwa. Ilikuwa Krismasi, mkate wa mahindi umetoka jikoni kwenye kikaango chake cha chuma, na Verna, bibi harusi mwenye njaa, akamega kipande cha kwanza akatia mdomoni. "Umekula sehemu ya Lusinda," Bi Ardella alimwambia, na Lyle akapiga magoti akaanza kulia kama ng'ombe ili watu wacheke. Hapo ndipo Verna alipofundishwa. Siku kubwa, kipande cha kwanza huwekwa kwenye dirisha la mashariki bila kupakwa siagi, na mkubwa wa nyumba husema, "Lusinda, kula." Lusinda ni yule ng'ombe aliyetembea na mzee Hezekiah Tolliver kutoka Kentaki. Alikuwa mtiifu, akanyonyesha kijiji kizima, na hii ndiyo shukrani yake. Verna alimuuliza mumewe usiku ule kama ng'ombe hula mkate. Lyle akasema wa Kentaki hula.

Jumanne baada ya chakula cha mchana Verna alifuta meza mara mbili, akavuta kiti.

"Mama, nataka tuongee habari za Alhamisi."

"Zungumza, nakusikia. Nimeshachagua kofia."

"Mzee Hezekiah aliandikisha shamba serikalini mwezi wa nne, mwaka wa 1878. Kundi la kwanza lilifika mwezi wa tisa, sabini na saba. Nimelipata kundi lote, na nimelisoma mpaka macho yanauma. Tolliver hayumo."

Bi Ardella aliondoa miwani yake, akaipangusa kwa ncha ya kitambaa cha meza. "Waliruka jina. Watu wale walikuwa wanaandika ovyo."

"Nilitumaini hivyo. Lakini mwenyewe alisema alipoandikisha shamba kwamba alikuja masika. Alikuja na kundi la pili."

"Na wa kwanza ni nani?"

Verna alianza kufuta meza mara ya tatu.

"Verna, nimekuuliza ni nani."

"Moses Gaddie. Na mkewe."

Lyle, aliyekuwa mlangoni akivua buti, alianza kuzivaa tena polepole.

"Kaa hapo hapo," mama yake alimwambia bila kugeuka. Kisha akamgeukia mkwewe. "Na Lusinda je? Lusinda naye alikuja na kundi la pili?"

"Mama, walipanda treni mpaka reli ilipoishia, ndipo wakatembea. Hela ya nauli yao wenyewe ilikuwa shida. Huyo ng'ombe nani alimkatia tiketi?"

Hapo Verna aliteleza, na alijua palepale. Mtu unaweza kumnyang'anya gari lake, lakini huwezi tena kumchekea ng'ombe wake.

"Miaka thelathini," alisema Bi Ardella, "nakulisha kwenye meza hii. Nakupa kila kitu, hata siri ya pai yangu nimekupa. Leo unatoka huko kwenye makaratasi yako kuniambia babu yangu hana baba wa maana na ng'ombe wetu hajazaliwa."

"Sikusema hivyo, Mama."

"Ungekuwa damu yetu ungetafuta mpaka upate."

Verna aliinuka akaenda uani kuanua nguo ambazo hazijakauka. Upepo wa kwetu ukampigia mashuka usoni. Aliumia, nami sitasema vingine. Alikuwa ametafuta kuliko wote waliokuwa damu. Alikuwa ametafuta mpaka akafika pale ambapo sote hufika tukirudi nyuma: miaka ile ya kabla ya uhuru, watu weusi wa Kentaki wanahesabiwa kwa umri na jinsia, mwanamke wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa kike wa miaka sita, chini ya jina la mzungu aliyewamiliki. Majina yao wenyewe hayakuandikwa. Aliwatazama watu wale wasio na majina saa nzima, akashindwa kujua yupi ni wa kwake.

Ndani, Bi Ardella alikuwa amempigia simu mwenye kuchapa fulana. Alitaka kujua kama zinarudishwa. Yule kijana akamjibu kwa adabu kwamba bibi, ukishachapisha ng'ombe, ng'ombe ni wako.

*

Jumatano asubuhi Bi Ardella alitokea jikoni amevaa gauni la Jumapili, mkoba mkononi.

"Washa gari," alimwambia Verna. "Tunakwenda kwa Orrin Gaddie."

Verna alidhani hajasikia vizuri. Tangu aolewe hakuwahi kuona Tolliver akivuka kijito ila kwa msiba au moto.

"Kufanya nini, Mama?"

"Kama ninashindwa, nishindwe nikiona. Nataka anionyeshe mwenyewe, kwa mkono wake, hicho anachokwenda kuonyesha kesho. Sitasubiri Odessa Pruitt anisomee mbele ya watu kwa ile sauti yake ya mahubiri." Kisha akaongeza, akitazama pembeni, "Chukua pai moja. Hatuwezi kwenda mikono mitupu, hata kwa Gaddie."

Mzee Orrin Gaddie alikuwa na miaka themanini na sita, mjane, mrefu, mwenye mikanda ya suruali ya rangi nyekundu aliyoivaa hata kanisani. Aliwafungulia mlango akiwa na taulo la jikoni begani.

"Bi Ardella. Umepotea njia?"

"Naijua njia tangu hujaweka hilo geti lako baya."

"Geti hili nimeliweka mwaka wa sitini na mbili."

"Na lilikuwa baya tangu siku hiyo. Tunaingia au tunaongelea nje kama wauza vitabu?"

Wakaingia. Nyumba ilinukia mkate wa mahindi na mafuta ya nguruwe. Mzee Orrin aliipokea pai, akaichungulia kwa mashaka, akaiweka mbali na mbwa. Akawaketisha jikoni, akasema mkate ndio unatoka, na kwamba kwake hakuna mtu anayeongea mambo ya kuudhi na tumbo tupu.

"Nimekuja kuona ushahidi wako," alisema Bi Ardella.

"Utauona. Kula kwanza."

Alitoa kikaango kwenye oveni, akageuza mkate juu ya ubao, akaukata. Halafu akachukua kipande cha kwanza, hakukipaka siagi, akakipeleka dirishani. Lilikuwa dirisha dogo juu ya sinki, lenye kutazama mashariki. Akakiweka pale, akakisogeza kidogo kwa kidole kisianguke.

"Lusinda," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja mwenzake wa nyumbani, akarudi mezani na siagi.

Verna alikikodolea macho kile kipande. Wenye damu huzoea vitu vyao wakadhani dunia nzima hufanya hivyo, lakini yeye alitoka nje, alifundishwa kwa kuaibishwa, na alijua kwamba kwao Oklahoma hakuna mtu anayelisha dirisha. Kabla hajasema lolote, mama mkwe wake alikuwa amesimama.

"Orrin Gaddie, kwa nini unamlisha ng'ombe wangu?"

Mzee akamtazama yeye, akamtazama Verna, kisha akatazama dirishani, kana kwamba ng'ombe angekuwa amefika bila yeye kujua. "Ng'ombe gani?"

"Lusinda. Lusinda ng'ombe wa Hezekiah Tolliver. Mnatuibia na ng'ombe sasa?"

"Bi Ardella," alisema Mzee Orrin, "Lusinda si ng'ombe. Lusinda ni mtoto."

Hakuna aliyegusa mkate. Mzee aliketi, taulo bado begani, akaeleza polepole, maana hakuwahi kumweleza mtu asiye Gaddie. Babu yake, Amos, alizaliwa Kentaki utumwani. Alikuwa na dada, Lusinda, aliyemzidi miaka mitatu. Siku moja, Amos akiwa na miaka sita, yule bwana wao alimuuza Lusinda kwa mtu mwenye gari la farasi, asubuhi, mama yao akiwa shambani. Amos ndiye aliyeona. Alilikimbiza gari mpaka akaanguka.

"Uhuru ulipokuja mama yao alimtafuta," alisema. "Aliuliza kila kanisa. Walipohamia huku alilia akisema mtoto akirudi hatamkuta. Basi akaacha ujumbe kwa kila aliyemwamini, kwamba tuko Kansas, Harmon, aje. Na kila akioka mkate aliweka cha kwanza dirishani, upande wa Kentaki. Alisema njia ni ndefu, mtoto atafika na njaa. Babu aliniambia haya mwenyewe nikiwa na miaka kumi na mbili. Mwaka huo huo akafa."

Bi Ardella alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Mama huyo aliitwa nani?"

"Charity. Mke wa Moses. Alikufa baridi ile ya kwanza, yeye na Moses, ndani ya nyumba ya udongo. Ndivyo babu alivyosema."

"Moses alikufa," alisema Verna. "Charity hakufa, Mzee. Serikali ilipohesabu watu mwaka wa 1880, Hezekiah Tolliver alikuwa na mke. Jina lake limeandikwa kwa herufi moja tu, C. Na mtoto mchanga wa kiume. Mimi nimemtafuta huyo C Kentaki nzima miongoni mwa akina Tolliver, nikamkosa. Nilikuwa namtafuta kwenye nyumba isiyo yake."

"Babu alisema mama yake alikufa," Mzee Orrin alirudia.

"Alizikwa wapi basi?"

Mzee alilivuta taulo begani, akaanza kulikunja.

"Kila Siku ya Makaburi," akasema, "babu alinichukua kabla hakujapambazuka. Tukaweka maua pale penye lile jiwe. Nikamuuliza huyu Mama ni mama ya nani. Akaniambia weka maua, usiulize."

Tulikuja kuyaunganisha baadaye, na hata sasa kuna wanaobisha, lakini wote watatu waliyaona pale pale mezani. Amos alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja mama yake alipokuwa mjane, katika nchi isiyo na kuni, na mama huyo akakubali kuolewa na Hezekiah Tolliver kabla theluji ya kaburi la Moses haijayeyuka. Amos hakumsamehe. Alivuka kijito akajenga upande wa pili, akaabudu kanisa jingine, akawaambia wanawe kwamba mama yake amekufa. Halafu mama alipokufa kweli, wana wake wawili wa baba mbalimbali walisimama mbele ya mchonga mawe, mmoja akitaka Gaddie na mwingine akitaka Tolliver, na yule fundi, mtu mwenye akili zake, akachonga neno pekee walilokubaliana.

"Babu yangu ndiye yule mtoto mchanga," alisema Bi Ardella. "Yeye ndiye aliyetuambia ng'ombe. Aliambiwa na mama yake mwenyewe. Alikuwa mdogo, anauliza kila siku Lusinda nani, Lusinda nani."

"Na mama angemjibu nini," alisema Mzee Orrin.

"Angemjibu nini," alisema Bi Ardella, na hapo akalia. Alilia kwa sauti, bila aibu, jikoni kwa Gaddie, gauni la Jumapili limelowa machozi. Verna alimshika bega, naye akaufunika mkono ule kwa wake, akaubana.

"Nimemchapisha kwenye fulana," alisema. "Orrin, nimemtia kwato."

Mzee Orrin alitaka kuvumilia. Tulimjua, alikuwa mtu wa staha. Lakini mabega yalianza kutikisika, akajifunika uso kwa taulo. "Mna ng'ombe kifuani?" akauliza ndani ya taulo.

"Mwenye kope," alisema Verna.

Basi wakacheka, wote watatu, machozi yakiwa bado yanatoka, mpaka mbwa akasimama na kuanza kubweka. Walipotulia Mzee Orrin alimkatia Bi Ardella mkate, akaupaka siagi pande zote mbili.

"Kwa hiyo babu yangu na babu yako mama mmoja," akasema. "Miaka yote hii umekuwa dada yangu."

"Nilihisi tu kuna kitu kwako kinaniudhi zaidi ya kawaida," alisema Bi Ardella.

*

Alhamisi walifika kwenye kamati pamoja, ndani ya gari moja, na Bi Odessa Pruitt akaangusha kalamu. Verna alieleza yote amesimama. Wa kwanza kufika Harmon ni Moses Gaddie na Charity mkewe. Moses akafa baridi ile ile. Aliyebaki, akalea nyumba zote mbili, ni Charity.

"Safi," alisema Bi Odessa. "Basi tutaandika Charity Gaddie."

"Tolliver," alisema Bi Ardella. "Alikufa akiwa Tolliver."

"Alifika akiwa Gaddie," alisema Mzee Orrin.

"Alikaa na Moses Kansas miezi mitano. Na Hezekiah miaka thelathini."

"Miezi mitano ndiyo iliyomfanya wa kwanza, Ardella."

Ikaanza upya. Ndugu wamejuana tangu jana na tayari wanapigania kaburi lile lile. Verna aliwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akagonga meza ya Harmon kwa ngumi.

"Mnafanya vile vile walivyofanya babu zenu," akasema. "Mbele ya mchonga mawe yule yule."

Bi Ardella alimtazama mkwewe kwa muda, kama mtu anayeona kiti kilichokuwepo chumbani siku zote.

"Andika Charity," akamwambia Bi Odessa. "Hilo moja tu. Ndilo alilokuja nalo kutoka kwa mama yake, kama aliachiwa mama. Na chini uandike, mama wa Harmon. Orrin, una neno?"

"Sina," alisema Mzee Orrin.

"Na mwandike aliyempata. Verna Tolliver." Akachukua mkoba wake. "Muandike vizuri, isije ikasemwa ni mke wa Lyle."

*

Jumamosi ukoo wa Tolliver ulijitokeza na fulana za kijani zilizogeuzwa ndani nje, mishono inaonekana, lebo zinapepea shingoni. Hela ilikuwa imeshalipwa na Bi Ardella hakuwa tayari kuzitupa, wala kumtembeza mtoto wa watu akiwa na pembe. Vijana kutoka Denver walidhani ni mtindo. Kufikia saa tatu watoto wa Gaddie nao walikuwa wamegeuza za kwao, zilizokuwa na maandishi SISI NDIO WA KWANZA KWELI, na ukiwatazama kwa mbali usingejua yupi ni yupi.

Gari la kwanza lilikuwa na kiti kimoja kirefu mbele. Bi Ardella alipandishwa kwanza, kofia ya zambarau, mkoba mapajani. Mzee Orrin akapanda upande wa pili akilalamikia goti. Verna alikuwa tayari chini, mwavuli mkononi, kama kila mwaka.

"Wewe unafanya nini huko chini?" aliuliza Bi Ardella.

"Nakungoja uketi vizuri, Mama."

"Mpe Lyle mwavuli. Panda."

Lyle akapokea mwavuli kwa heshima kubwa mno, mpaka mama yake akamwambia aache ujinga. Verna alipanda, akataka kukaa katikati, palipokuwa wazi.

"Si hapo, mwanangu. Hapo pana mtu." Bi Ardella alijisogeza ukingoni, akampisha upande wake wa kulia, nyonga kwa nyonga. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe, akakitandaza mahali pale pa wazi kati yake na Mzee Orrin, akaweka kipande cha mkate wa mahindi juu yake. Hakikupakwa siagi.

"Mnanibana," alisema Mzee Orrin. "Nusu yangu iko nje. Mtoto wa miaka tisa hahitaji nafasi yote hiyo."

"Hatujui amekuwa mkubwa kiasi gani," alisema Bi Ardella. "Vumilia."

Saa nne iligonga. Bi Odessa Pruitt alipunga bendera, ngoma za watoto wa kanisa zikaanza, dereva akashika hatamu. Maandamano yetu hayajawahi kuchelewa hata dakika, ni kitu kimoja tunachojivunia.

"Ngoja," alisema Bi Ardella.

Ngoma zikanyamaza moja moja. Nyuma, magari yote yalisimama juani, farasi wakipiga mikia, watu wakinyoosha shingo kuuliza kuna nini. Bi Ardella, ambaye maisha yake yote alitaka kutangulia, alikuwa amegeuka nyuma, anatazama barabara ya mashariki, ile iliyonyooka kati ya mashamba yaliyokwishavunwa mpaka inapotea. Mzee Orrin naye akageuka. Hapakuwa na mtu barabarani.

"Mama," Verna alisema taratibu, "nitamtafuta. Sasa najua mama yake na kaka yake. Nina pa kuanzia."

"Mtafute. Ukimpata, au ukipata watoto wake, waambie chakula kipo."

Wakangoja kidogo zaidi. Bi Odessa Pruitt alishusha bendera. Kisha Bi Ardella akageuka mbele, akarekebisha kofia, akaweka mkono wake kwenye ukingo wa kitambaa ili upepo usikipeperushe.

"Haya, twende," akamwambia dereva. "Polepole. Asije akatukosa."